Kopo la Viungo na Chumvi ya Mama Mkwe

Kule kwa mume wangu, Chwele, kuku wa mgeni huchemshwa kwa maji na chumvi, basi. Ukimwongezea kitunguu utaulizwa kama alikuwa mgonjwa. Ukimwongezea nyanya utaulizwa mama yako alikufa ukiwa na umri gani, maana inaonekana hukupata wa kukufunza. Na ukithubutu kumtia bizari, hapo huulizwi tena. Unatazamwa tu, mpaka utafute kiti ukae.

Mimi nilitazamwa hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Nilizaliwa Kibomet, pale Kitale, katika nyumba ambayo jioni yake ilijulikana kwa harufu ya saumu na tangawizi kwenye mafuta. Mama yangu alinunua viungo katika duka la Wahindi mjini, vikafungwa kwa karatasi, na sisi watoto tukakua tukijua kwamba mchuzi usio na rangi ni wa wagonjwa na wafungwa. Basi nilipokabidhiwa jogoo niwapikie wageni wa mama mkwe, nilimpika kwa moyo wangu wote: kitunguu, saumu, tangawizi, manjano, dania ya kusaga, na iliki kidogo za kujionyesha. Nikampeleka mezani nikingoja sifa.

Mama mkwe alichota mchuzi kwa ncha ya kijiko. Akaonja. Akakiweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kwa sauti tamu kabisa, "Mke wa mwanangu, huyu kuku alikufa lini?"

Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilirudi jikoni nikalia, na si kilio cha huzuni, ni cha hasira, kile cha kuvunja kuni ambazo tayari zimevunjwa.

"Viungo ni ya kuficha," alinieleza baadaye, bila ubaya wowote. "Mhindi anakula nyama imelala, ndio maana anaipaka rangi. Sisi kuku tunamchinja akitutazama. Ako na nini ya kuficha?"

Wahindi wa duka lile la Kitale hawakuwa wakila nyama hata kidogo, iliyolala wala iliyoamka. Lakini ukweli haujawahi kumzuia mtu wa Chwele kumaliza hoja yake.

Tangu siku hiyo nilipika kuku wa maji na chumvi kila nilipokwenda ukweni, na nikayaona ya huko kwa macho yangu. Nyumba iliyokataa bizari kwa sababu ni ya Wahindi, Krismasi ilipofika, ilikanda unga wa chapati tangu alfajiri. Chapati zilipangwa juu ya meza kwa marundo marefu, na ole wako useme hazitoshi watu wote. Mwaka mmoja ngano ilipokosekana, mama mkwe alitangaza kwamba mwaka huo Yesu hakuzaliwa. Chai ilipikwa na tangawizi. Mazishini watu waliulizana kwa kunong'ona kama kuna wali wa pilau upande wa wageni wakubwa. Na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu na mlinzi wa mila aliyejiteua mwenyewe, alikuwa na hotuba moja kuhusu chakula cha asili, na hotuba hiyo aliitoa kila mwaka akiwa ameshika sambusa. Nyani haoni kundule. Nilikuwa naibana midomo yangu kwa mkono, nikisingizia kikohozi.

Nisimdhulumu mama mkwe, lakini. Kuku wake alikuwa kuku. Nimekula vyakula vingi, na sijaona mchuzi mweupe ulionyamazisha watu kama wake. Siri yake ilikuwa chumvi tu, na mkono uliojua ni kiasi gani na itiwe lini. Alikuwa akidondosha mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, anaulamba, anafumba macho, kisha anasema "bado" au "tosha". Akisema tosha, hata shemeji hakuwa na hotuba.

Sasa sikiliza mambo ya Mungu. Mwanamke huyo, kati ya wanawake wote wa Bungoma, ndiye aliyekatazwa chumvi.

Ilianza asubuhi, kikombe cha chai kikimtoka mkononi bila yeye kujua kimemtoka. Mdomo ukaenda upande kidogo, mkono ukafa ganzi. Walimkimbiza Bungoma, Mungu akasaidia, mdomo ukarudi na mkono ukarudi karibu wote. Daktari, kijana mpole aliyevaa koti jeupe lililomzidi, alimweleza kwamba presha yake iko juu mno, atameza vidonge kila siku, na chumvi basi.

"Basi ya kupunguza ama basi ya kuacha?" mama mkwe aliuliza.

"Ya kuacha, mama."

"Hata kwa kuku?"

Daktari alitabasamu. Masikini, alidhani ni mzaha.

Familia ilikaa ikaamua mama aletwe Kitale kwangu, karibu na kliniki, nimtunze. Sikuulizwa. Mimi huuza nguo za mitumba, na katika akili ya ukoo wa mume wangu mtu asiye na ofisi hana kazi. Alifika Kibomet na begi moja, mkeka wake, na uso wa mtu aliyehamishiwa gereza lingine.

Nilimchemshia kuku bila chumvi. Alitafuna mara mbili akatema kwenye kiganja, akaitazama ile nyama. "Hii ni kuku ama ni soksi?" Nikampikia mboga ya saga kwa maziwa, bila chumvi. Akasema ng'ombe wa Kibomet wanakunywa maji mengi. Nikampa samaki. Akageukia ukutani. Kila nilichomwekea kilirudi jikoni kama kilivyokwenda, na mimi nikakila kwa hasira, hata nikaanza kunenepa huku yeye akikonda. Gauni lake la kanisani, ambalo lilimkaa vizuri Jumapili aliyofika, likaanza kuning'inia mabegani.

Chumvi aliitafuta kama mlevi anavyotafuta pombe. Niliikuta imefungwa kwenye pindo la leso yake. Niliikuta ndani ya kiatu. Siku nyingine nilimkuta nyuma ya jiko akichuja majivu ya maganda ya maharagwe apate ile chumvi ya kienyeji ya kulainishia mboga, na nilipompokonya alinikemea, "Daktari alikataza ya duka! Hii ni ya Mungu!" Ilinibidi nipite kwa majirani mlango kwa mlango: mama huyu akija kuomba kiberiti mpeni, akija kuomba chumvi niiteni. Aibu gani hiyo, mtu mzima kumchunga mtu mzima.

Muuguzi wa kliniki alinivuta kando. Alisema vidonge peke yake havitoshi, na tumbo tupu si dawa. Mama asipokula atazidi kudhoofika, na akila chumvi atapigwa tena na kiharusi, na kipigo cha pili huwa hakimrudishi mtu. Nilimpenda mama mkwe, niseme tu. Alinicheka mbele ya wageni, ndiyo, lakini nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ni yeye aliyelala chini, kando ya kitanda changu, mwezi mzima. Sikutaka afe kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa pakiti.

Nikaenda kwenye lile duka la Wahindi.

Mwenye duka ni mama wa makamo yangu na zaidi, mzaliwa wa Kitale, mtu asiye na subira hata ya kumeza mate. Watu humuuliza habari za India, naye hujibu kwamba alikwenda mara moja akaumwa tumbo akarudi. Nilimweleza shida yangu. Aliendelea kupima dengu za mteja mwingine kana kwamba hasikii, halafu akasema, "Bwana yangu hali chumvi miaka mingi sasa. Anakula, ananitukana, anakula tena. Wewe yako unapika namna gani?"

"Nachemsha."

"Nini ingine?"

"Nachemsha tu."

"Basi huyo mama iko sawa kukataa," alisema. "Hata mimi nakataa."

Alitoa chini ya kaunta kopo lake mwenyewe, la bati, la duara, ambalo ndani lina vikopo vidogo vimekaa vikizunguka kama vifaranga: manjano, bizari nyembamba, dania, pilipili, mbegu za haradali, uwatu. Alinifunza pale pale, akinigombeza. Mbegu zikaangwe kavu kwanza mpaka zinukie, ndipo zisagwe. Zingine zitiwe kwenye mafuta moto mpaka ziruke. Sio kumwaga unga juu ya maji kama mtu anapanda mahindi. Na mwisho kabisa limau, limau nyingi, au ukwaju, maana ulimi uliozoea chumvi hutafuta kitu cha kuushtua. Nilimuuliza kuku achukue muda gani. "Kuku sijui," alisema. "Mimi sijapika kuku tangu nizaliwe. Fanya kama dengu."

Nilimwambia shida kubwa: mama mkwe wangu hataki vitu vya Wahindi kabisa. Hapo ndipo alipoacha kupima.

"Na chumvi alinunua kwa nani?"

Nikajifanya nahesabu pesa.

"Babu yangu alifungua duka huku juu. Iko chumvi, sukari, blanketi, basi. Watu ya Bungoma walikuja na miguu, na baiskeli, kutafuta nini? Chumvi! Hata mmoja hakuja kutafuta bizari. Bizari tulikula sisi wenyewe ndani ya nyumba. Sasa chumvi ya duka yetu imekuwa ya babu yake, na bizari ndio ya Wahindi?" Alinisukumia vifurushi vyangu na kopo jipya kama lake. "Hata hii pilipili sisi tuliletewa na Wareno, kutoka mbali huko. Kila mtu aliletewa kitu. Nenda upike."

Nilipika. Mama mkwe alinusa kutoka sebuleni akauliza kama tunapaka nyumba rangi. Nilimwekea kuku wa manjano, bizari na limau, na ugali wa wimbi pembeni, nikakaa mbele yake kama askari. Alikula kidogo akinitukana. Kesho yake alikula zaidi kidogo, matusi yakazidi pia. Alisema ulimi wake umegeuka Mhindi, atazikwa wapi sasa. Alisema mchuzi wangu una mawazo mengi. Lakini sahani ilikuwa ikirudi nusu, na gauni likaacha kuning'inia, na muuguzi alipompima alitikisa kichwa kwa furaha. Nilirudi kutoka kliniki siku ile nikiimba kimoyomoyo.

Furaha ya maskini haidumu. Wifi yangu akaja.

Wifi, dada ya mume wangu, anaishi Bungoma mjini, ni mtu wa kucha ndefu na simu mbili, na hawezi kusikia kwamba mtu mwingine anasifiwa. Alifika kunisaidia. Alisema hivyo mlangoni, "Wifi, nimekuja kukusaidia, umechoka, pumzika," na papo hapo akafunga kitambaa cha jikoni kiunoni. Kwenye mkoba wake alikuwa na pakiti za masala kutoka supamaketi, pakiti za kung'aa, zenye picha ya kuku aliyeonekana kufurahia kuliwa. Alisema haya mambo ya kukaanga mbegu ni ya kizamani, siku hizi kila kitu kimechanganywa tayari, unamimina tu.

Alimimina. Mama mkwe alionja, akafumba macho.

"Hii," alisema polepole, "hii ya binti yangu ndio chakula."

Akala sahani yote! Akaomba nyingine! Wifi alinitazama kwa jicho lile la pole, mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze na pakiti zote. Wiki nzima, kisha nyingine, ikawa nyimbo za binti yangu, mikono ya binti yangu. Mama mkwe, mtu aliyenicheka kwa iliki, sasa alikuwa akiuliza saa sita kama kuku wa masala yuko tayari. Kopo langu, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa mbwembwe, nililisukuma nyuma ya mtungi. Na kwa hasira zangu nikaapa sitatia hata kidole katika sufuria ya wifi. Nilikula uji na mkate, kiburi kikiwa kitoweo.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alimfunga mama ile mashine mkononi, akaisoma, akamfunga tena. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku alipoangusha kikombe. Alituuliza kwa ukali, mama huyu anakula nini? Kabla sijafungua mdomo, wifi alijibu.

"Viungo vya Kihindi. Wifi yangu ndiye alimwanzishia."

Ala! Nilibaki mdomo wazi, nzi wangeweza kuingia na kutoka.

Kufikia Jumamosi shemeji alikuwa amefika kutoka Chwele kuongoza kikao. Tulikaa sebuleni kwangu: shemeji kwenye kiti kikubwa, wifi karibu naye, mume wangu kwenye ukingo wa kochi akisoma mistari ya zulia, na mama mkwe pembeni na leso yake, kimya. Wifi alikuwa amelitafuta kopo langu nyuma ya mtungi akaliweka katikati ya meza, wazi, kama kisu kilichookotwa kwenye mwili wa marehemu.

Shemeji alifungua kwa maombi. Kisha akasema kwamba babu zetu hawakujua presha. Akasema babu zetu walikula vitu vya shambani, wakaishi mpaka wakachoka wenyewe. Akasema Mhindi amezoea hivyo vitu, damu yake imejengwa hivyo, lakini damu ya Mbukusu kama sisi ukiitia moto itachemka, ni sayansi. Maneno hayo aliyasema akinywa chai yangu, ambayo nilikuwa nimeipika na tangawizi, iliki na mdalasini, na aliponyoosha kikombe aongezewe hakukatiza hata sentensi. Hukumu ilikuwa kopo litupwe, na mama arudishwe Chwele akale chakula cha asili, kuku wake wa siku zote.

"Wa siku zote ni wa chumvi," mume wangu alisema, neno lake la kwanza siku hiyo.

"Kidogo," alisema shemeji. "Ya kuonjea."

Nikaona jeneza. Haki ya Mungu, niliona kabisa jeneza likishushwa kwenye pikapu pale Chwele, na shemeji akihutubu. Nikasimama. Nilikwenda jikoni kutafuta kitu cha kupiga, sufuria au mtu, na mkono ukaangukia pakiti ya wifi. Nikatia kidole ndani. Nikakilamba.

Nikakilamba tena.

Nilirudi sebuleni nikiwa nimetulia, na watu wa nyumba yangu wanajua kwamba nikitulia ndipo hatari. "Shemeji, leta kiganja," nikasema. "Si mnasema mkono mtupu haulambwi? Leo mikono yote itajaa." Nikammiminia. Nikammiminia wifi, nikammiminia mume wangu. "Lambeni."

Walilamba. Shemeji alilamba kwa heshima ya mzee wa kanisa, akameza, macho yakazunguka.

"Hii ni..." alianza.

"Sema."

"Hii ni chumvi."

"Chumvi imepakwa rangi," nikasema. "Bizari yake ni ya kuombea njia tu. Sasa lambeni na hii." Nikazungusha kopo langu. Hakuna aliyepata humo hata chembe ya chumvi, ingawa wifi alipata pilipili ya kutosha na akaomba maji. Aliapa hakujua, na namwamini, maana yeye hula kwa macho. Mume wangu alikuwa akicheka ndani ya mikono yake.

Kisha nikamgeukia aliyekuwa kimya muda wote. Huyu mtu amepima chumvi kwa kiganja maisha yake yote. Huyu angeijua chumvi akiwa usingizini.

"Mama. Ulijua?"

Aliangalia ukuta. Akaangalia leso. "Mimi ni mgonjwa," alisema. "Si mjinga."

Watoto wake wote wakaanza kumpigia kelele kwa pamoja. Aliwaacha wapige kelele mpaka wakachoka, ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijamsikia nayo kabla wala baadaye.

"Nilipoolewa, mwanamke hakuwa anakula kuku. Mlikuwa mnajua hiyo? Nilimfuga mimi, nikamchinjisha mimi, nikampika mimi. Nyama ilikuwa ya wanaume, na firigisi ya baba yenu. Mimi nilipewa kuonja mchuzi, nijue kama chumvi imekolea. Tone moja hapa." Alituonyesha kiganja cha kushoto. "Hiyo tone ndio ilikuwa kuku yangu. Miaka mingi. Sasa mnaniambia nikule kuku mzima, firigisi nichukue, kila kitu nichukue, lakini hiyo tone yangu hapana. Basi si mniache nife nikiwa na utamu?"

Shemeji aliweka kikombe chini. Mimi nikiguswa moyo hutoka hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

"Sawa," nikasema. "Kula chumvi ufe. Lakini usikie nitakachofanya. Siku ya mazishi yako mimi ndiye nitakayeshika jiko, na nitapika pilau. Masufuria na masufuria! Karafuu, mdalasini, bizari, iliki. Watu wote wa Chwele watakula, watajilamba vidole, watasema kumbe huyu mama alikuwa hivi. Na kuku nitamtia manjano mpaka ang'ae."

Aligeuka kunitazama, jicho kubwa. "Kuku wa matanga yangu?"

"Kuku wa matanga yako."

"Mbele ya wamama wa kanisa?"

"Mbele ya askofu!"

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaogopa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akapangusa macho na ile leso ya kufichia chumvi. "Shetani ya mwanamke," alisema. "Huyu mlimtoa wapi? Leta hiyo kopo yako."

Nikalichukua kopo, lakini safari hii sikumpelekea sahani. Nilimpelekea kiti, nikakiweka jikoni karibu na jiko. Nilikaanga mbegu, nikatia kuku, nikakamua limau, halafu nikadondosha mchuzi kwenye kiganja chake cha kushoto. Nilishangaa sikuwa nimelifikiria jambo hilo mapema. Alilamba. Akafumba macho, kwa muda mrefu.

"Bado," alisema. "Ongeza limau."

Niliongeza. Akaonja. Akaniambia nipunguze moto, kisha akanifokea kwamba bizari yangu nimeiunguza, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alipofikia kusema "tosha", kuku yule alikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kupika. Akala sahani yote. Wifi alirudi Bungoma Jumatatu na pakiti zake, na siku hizi akija huleta ndizi.

Mama mkwe alikaa nasi mpaka muuguzi aliporidhika, kisha akarudi Chwele na kopo lake mwenyewe, la bati, la duara. Nilidhani atalificha. Wapi! Niliposikia habari zake alikuwa akiwafunza wamama wa kanisa kukaanga mbegu, wale wenye presha kwanza, halafu wote. Mmoja alipothubutu kusema kwamba hivyo ni viungo vya Wahindi, alijibiwa kwamba yeye hajui kitu, hivi ni viungo vya presha. Shemeji naye ameingiza aya mpya kwenye hotuba yake: ati babu zetu walikuwa na mbegu zao za kukaanga, ila zilisahauliwa. Namuacha. Kila mtu aliletewa kitu, na yeye ameletewa mdomo.

Krismasi iliyopita tulikwenda sote. Chapati zilikuwa zimepangwa, sambusa zilikuwa zimeshikwa, hotuba ilikuwa njiani. Nilimkuta mama mkwe jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, sufuria mbili zikichemka: moja ya wageni, nyeupe, ya chumvi, ambayo sasa huonjwa na mjukuu wake wa kike; nyingine yake, ya manjano. Aliniita nikaribie. Akakishika kiganja changu cha kushoto, akakidondoshea mchuzi wake.

"Onja. Inakosa nini?"

Nikaonja. Limau lilikuwa mahali pake, bizari mahali pake. "Haikosi kitu, Mama."

"Mwongo wewe," alisema. "Inakosa chumvi. Naikosa kila siku." Alikoroga kidogo, bila kunitazama. "Lakini niko."

"Uko, Mama."

"Sikia. Hiyo pilau ulinitishia nayo. Siku yangu ikifika, upike. Watu wote wakule. Weka viungo yote, mpaka shemeji yako akose la kusema."

Nilitaka kumwambia asitaje mambo hayo siku ya Krismasi, lakini safari hii hasira haikuja. Nikauliza swali moja tu.

"Na chumvi, Mama?"

"Tia mpaka ikolee," alisema. "Siku hiyo presha itakuwa yenu."